Ushindi wa urais kama somo la Kiingereza: mie huanza na aliyeshindwa

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, hotuba za ushindi wa urais wa Marekani zinawafaa wanafunzi wako wa kidato cha tatu huko Unguja, au ni siasa zitakazokutia matatani na wazee? Pili, uanzie wapi, maana hotuba yenyewe ni ndefu na watoto wanabaki kukodoa macho tu. Walionitangulia kukujibu wamesema wape waisikilize, kisha wajibu maswali kumi. Mie naona hapo ndipo somo linapokufa. Nimesomesha Kiingereza Pemba, Wete kisha Chake, na somo hili nimelirudia karibu kila uchaguzi wao tokea ule wa Obama.

La siasa kwanza, tulimalize. Uchaguzi wa watu wengine unafaa kwa sababu ni wa watu wengine. Pemba tunajua uchaguzi unavyoingia mpaka jikoni. Watu walishawahi kususiana maziko kwa ajili ya vyama, na Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, hakuna aliyeisahau. Mwanafunzi ukimuuliza kwa Kiingereza habari za uchaguzi wetu, kabla hajatafuta kitenzi anaangalia nani anamsikiliza. Muulize jimbo la Ohio kule Marekani limekwenda kwa nani, utashangaa ulimi ulivyofunguka. Hana shangazi Ohio. Atabisha, atakosea, atamcheka mwenziwe, na kengele ikilia wanatoka wote wameshikana mikono. Kwa hiyo nina sharti moja tu: simuulizi mtoto "wewe ungempa nani", na mlinganisho na kwetu siuanzishi mie.

Sasa pa kuanzia. Anza na aliyeshindwa.

Mwaka 2008 vituo vya televisheni vya kule vilimtangaza Obama saa tano usiku wa tarehe 4 Novemba kwa saa za Washington. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi, Jumatano ya tarehe 5, watoto wako njiani kwenda skuli. Pemba wakati huo umeme ni wa majenereta ya Wesha. Waya wa baharini kutoka Tanga umefika 2010. Mie nilikuwa na redio kaseti ya betri, nikawa nanasa kinachopita. Kilichopita mwanzo ni hotuba ya John McCain, aliyeshindwa na Obama, yuko Phoenix, kwa sababu desturi yao aliyeshindwa ndiye anayesema kwanza. Obama alikuja baadaye, Chicago, uwanja umejaa watu. Nikaingia darasani na hicho cha McCain, na mpaka leo mpangilio sijaugeuza.

Sababu utaziona ukikaa uisikilize. Mshindi ana umati unaoshangilia, anapandisha sauti, anapanga maneno makubwa makubwa. Aliyeshindwa amechoka. Anasema polepole, sentensi fupi, na kila akimaliza moja anavuta pumzi. Kwa mtoto wa kidato cha tatu hiyo pumzi ni mali, ndipo anapopata nafasi ya kuandika. McCain anafungua hivi: "My friends, we have come to the end of a long journey." Hakuna neno hapo ambalo mtoto hajakutana nalo. Halafu anasema wananchi wamesema, na wamesema waziwazi: "The American people have spoken, and they have spoken clearly." Ile hali timilifu ambayo tunaihangaikia muhula mzima kwa mifano ya mtu aliyekula wali, hapa imekuja na mwenyewe. Kura zimeshapigwa, lakini matokeo yako mbele yake pale jukwaani, na watoto wanaiona bila ya mie kuchora mstari wa nyakati ubaoni.

Mara ya kwanza nawasikilizisha bila kalamu. Swali ni moja: wapi watu wanakasirika? Maana McCain alipomtaja Obama wafuasi wake walizomea, na yeye akawatuliza, "Please." Watoto wanaidaka hapo hapo. Wanataka kujua wanamzomea nani, kwa nini, mbona anawanyamazisha watu wake mwenyewe. Maswali yote hayo nayapokea kwa Kiingereza tu. Asiyeweza kuuliza anasaidiwa na wa dawati lake, na mwalimu anakaa kimya. Hili la kukaa kimya kwa walimu tulio wengi ni zito kuliko sarufi.

Mara ya pili naligawa darasa. Nusu wanabaki ndani na redio, nusu wanakwenda ukumbini nje. Waliomo ndani wanasikiliza dakika mbili, kisha kila mmoja anatoka kumpa habari mwenziwe aliyekuwa nje: alisema nini, aliwaomba nini, alimsifu nani. Hiyo ndiyo kauli taarifa nzima, na ndani yake mna sababu ya kweli ya kuitumia, kwa sababu yule wa nje hakusikia kitu na anataka kujua. McCain anasema muda mchache uliopita alipata heshima ya kumpigia Seneta Obama kumpongeza. Kwenye taarifa inabidi iwe "he had had the honour", na kila mwaka yuko mtoto atakayenyanyua mkono: mwalimu, umeandika mara mbili. Namwambia sikukosea, asome tena. Darasa zima linagawika, wengine wanasema neno moja lifutwe, wengine libaki. Mabishano hayo usiyakate mapema.

Kuna mahali pengine kwenye hotuba hiyo usipaache. McCain anamtaja bibi yake Obama, mama wa mama yake aliyemlea, ambaye alifariki Hawaii hata wiki haijatimu kabla ya siku ile. Anasema anasikitika hakuishi kuiona. Hapo darasa linatulia lenyewe. Tanzia kila mtu anaijua, na watoto wetu wanakwenda mazikoni tokea wadogo. Nawaambia: haya, andikeni barua ya rambirambi. Barua hiyo imo kwenye muhtasari na watoto huiandika kwa kukariri mistari ya kitabu. Siku hiyo niliposahihisha madaftari niliona wengi wameanza na kumuombea marehemu, kama tunavyofanya sisi, tena kwa Kiingereza walichokitunga wenyewe. Makosa yalikuwemo mengi. Niliyaacha mpaka siku ya pili.

Obama sasa. Usiwape yote. Wape kipande cha bi mkubwa wa Atlanta, Ann Nixon Cooper, aliyepiga kura akiwa na umri wa miaka 106. Obama anazipitia zama zake: alizaliwa wakati hakuna gari barabarani wala ndege angani, na mtu kama yeye asingeweza kupiga kura kwa sababu mbili, kwamba ni mwanamke, na kwamba ni mweusi. Kisha anakuja nazo moja moja, mabasi ya Montgomery na daraja la Selma, walipopigania haki zao watu weusi, mtu kutua mwezini, ukuta wa Berlin kuanguka. Ni wakati uliopita mwanzo mpaka mwisho, na kila kituo kinafungwa na kibwagizo kile kile, "Yes we can". Watoto wetu waliolelewa na maulidi na kasida kuitikia hawafundishwi. Wakishakisikia mara mbili, ya tatu wanaitikia wao.

Kazi ya nyumbani: nenda kwa bibi au babu mkubwa kuliko wote ukooni, umuulize alipozaliwa kulikuwa hakuna nini, na ameona nini tokea hapo. Muulize kwa Kiswahili, uje uandike kwa Kiingereza. Mzee mmoja wa Wete alimjibu mjukuu wake, "Na haya unayoniuliza unampelekea nani?" Ilibidi niende mwenyewe kumtoa wasiwasi, nikanyweshwa kahawa na kusimuliwa mambo ambayo hayakuwa ya kuandikwa daftarini. Lakini yalirudi maandishi mazuri: Mapinduzi ya 1964, karafuu zilipokuwa zina thamani na ziliposhuka, gari ya kwanza kufika kijijini, na waliosoma miaka ya karibuni wanatia na umeme wa Tanga.

Halafu jitayarishe na mbwa. Katika hotuba ile Obama anawaambia binti zake wamestahiki mtoto wa mbwa watakayehamia naye Ikulu. Sikutarajia Chake kungetokea kelele namna ile. Mbwa ndani! Analala wapi? Wanasali vipi? Mmoja akamtetea kwamba atakaa nje alinde, mwengine akamjibu Ikulu ina askari, mbwa wa nini. Watoto ambao muhula mzima walikuwa hawafungui mdomo walikuwa wamesimama juu ya miguu yao. Dini hapo usiifanyie mhadhara na utamaduni wa watu usiukejeli. Waachie wabishane, wewe andika ubaoni maneno wanayokwama nayo.

Hesabu za kura nazipitia haraka, ila ni mchezo mzuri kwa kusoma tarakimu kwa sauti. Kule rais hachaguliwi kwa kura za wananchi moja kwa moja, kila jimbo lina idadi yake ya kura za wajumbe: jumla 538, mshindi anahitaji 270. Andika vijikaratasi: California 54, Texas 40, Florida 30, New York 28, Pennsylvania 19, na kuendelea. Makundi mawili yanaokota kwa zamu, na kila zamu lazima waseme wamepata ngapi na zimebaki ngapi. Ukifika kwenye mwaka 2000 na 2016, walipopita watu waliozidiwa kwa kura za wananchi, jitayarishe kuulizwa mpaka koo likukauke.

Na kiapo usikisahau. Tarehe 20 Januari 2009 Jaji Mkuu John Roberts alimuapisha Obama, akaliweka neno "faithfully" mwisho wa sentensi mahali pasipo pake, Obama akasita, wakavurugana wote wawili mbele ya dunia nzima. Kesho yake walirudia kiapo ndani ya Ikulu, kwa tahadhari. Nilikitumia kufundishia nafasi ya kielezi, lakini faida yake kubwa ilikuwa nyengine. Mtoto anayeogopa kusema Kiingereza asichekwe, ukamuonyesha Jaji Mkuu wa Marekani amepotea kwenye sentensi ya lugha yake aliyozaliwa nayo, mabega yanamshuka. Baada ya hapo tulimuapisha kiranja wa darasa, akakosea, na hakuna aliyejali.

Kuhusu mlinganisho na kwetu: utakuja, hata usipouita. Mwaka ule ule 2008 msichana aliniuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka, kama hapa kwetu kuna aliyeshindwa aliyewahi kumpigia simu aliyeshinda. Nilimsifu kwa swali, nikamwambia tutalirudia, nikaendelea na somo. Hakukuwa na maridhiano ya CCM na CUF bado. Kisha ikaja kura ya maoni ya Julai 2010, ya serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba, Dk. Shein asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, na Maalim akayakubali matokeo. Hapo nililirudia. Niliwapa watunge mazungumzo ya simu ya pongezi kwa Kiingereza, majina waweke wanayotaka, na wengi waliweka yale yale ya McCain na Obama. Sikuwalazimisha. Mwaka 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa sikuligusa kabisa, nikafundisha barua za maombi ya kazi.

Kwa hiyo kwako wewe, mwaka huu wa simu janja, kazi ni nyepesi kuliko ya kaseti. Hotuba ya Kamala Harris, aliyeshindwa na Trump, ya Novemba 2024 pale Chuo Kikuu cha Howard ni fupi, safi, na ameisema taratibu, ianze hiyo. Ya Trump ya usiku wa uchaguzi siipendekezi kwa kidato cha tatu, kwa sababu za lugha tu: anaacha karatasi, anahama mada katikati ya sentensi, na mtoto anayetafuta kitenzi kikuu hakioni. Kidato cha sita ni sawa. Ya 2020 ina tatizo kwamba ile simu ya pongezi haikupigwa, kwa hiyo nusu ya somo langu haipo. Biden peke yake anatosha kwa usikilizaji, ila siyo kwa kauli taarifa. Kata vipande vya dakika mbili, visizidi. Pakia kwenye simu kabla hujafika skuli, usitegemee mtandao wa hapo.

Na wazee uliouliza habari zao. Mwambie mwalimu mkuu mapema kwa mdomo, kwa sababu ukimshitukiza maneno yatafika kwa sheha kabla ya kengele ya mwisho. Kwenye andalio la somo mada andika "kauli taarifa", maana ndiyo unayofundisha. Harris na McCain waingize kwenye safu ya zana, pamoja na chaki na redio.