Jirani alinilelea watoto nilipolazwa, sasa namkwepa kwa aibu

*Shikamoo Shangazi. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa ghafla na kulazwa hospitalini zaidi ya wiki, mume wangu akiwa safarini kikazi. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye mazoea yetu hayakuzidi salamu, aliwachukua wanangu wawili bila kuombwa, akawa anawapeleka shule na kuwalaza kwake. Niliporudi nilimwambia asante mlangoni, naye akajibu, "Si kitu, nenda kapumzike." Baadaye mwanangu mdogo, ambaye anaogopa giza, alinisimulia kwamba yule mama alikuwa akiacha taa ikiwaka usiku kucha na alisogeza godoro lake karibu na kitanda cha mtoto. Nataka kumpelekea fedha ndani ya bahasha. Mume wangu anasema asante ile inatosha. Mimi nikimwona kwa mbali nageuza njia. Nifanye nini? – Mwenye Deni*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa maradhi.

Nianze na hilo la kugeuza njia, kwa sababu ndilo linalomuumiza mtu hivi sasa, ilhali mengine yote yanaweza kungoja siku mbili tatu. Wewe unajua kwamba unamkwepa kwa aibu, lakini yeye aibu hiyo haioni. Anachokiona ni mama wa watoto aliokaa nao nyumbani kwake, ambaye siku hizi hata salamu yake imekuwa ya shida. Ana kila sababu ya kujiuliza kama alikukosea, kama watoto walirudi na malalamiko, au kama wewe ni miongoni mwa wale ambao asante yao ni ya punda. Kwa hiyo hata kabla hujapata maneno ya shukrani, kesho ukimwona, msogelee na umsalimu kwa kumtazama usoni.

Sasa bahasha. Naielewa nia yako na siidharau, ila nakuomba usiipeleke. Mama huyu hakuwa yaya wako wala hamkupatana ujira. Ukimkabidhi fedha kwa kazi ile, unaibadilisha baada ya kufanyika, na jambo alilolifanya kwa moyo wake linageuka kibarua kilicholipwa kwa kuchelewa. Ingekuwa alitumia fedha zake kukununulia dawa au kulipa nauli za watoto, ningekuambia umuulize gharama na umrudishie bila kuchelewa, kwa sababu hilo ni deni hasa na kulilipa ni uungwana. Usiku wa kulala karibu na mtoto wa mwenzako haurudishwi kwa njia hiyo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliandika kwamba mtu anayeharakisha kurudisha fadhila ana moyo wa mdaiwa, si wa mtu mwenye shukrani, na mimi naona ndivyo ulivyo wewe kwa sasa: unatafuta kupumua, unatafuta akaunti ifungwe ili uweze kupita mbele ya mlango wake bila uzito. Jina ulilojichagulia mwishoni mwa barua linasema hivyo hivyo.

Shukrani iliyo sawasawa humfanya mtu ajue kwamba alichokifanya kilionekana, na kilionekana kwa ukamilifu wake. "Asante kwa kila kitu" haiwezi kazi hiyo, kwani "kila kitu" husemwa hata na mtu asiyekumbuka chochote. Wewe unayo taa na godoro, mambo ambayo huenda yule mama anadhani hakuna mtu mzima anayeyajua. Mwambie: "Mama, mwanangu aliniambia kwamba uliacha taa ikiwaka usiku kucha, na kwamba ulisogeza godoro lako ukalala karibu naye. Hakuna aliyekuambia kwamba anaogopa giza, ulimtazama ukaelewa. Mimi nilikuwa kitandani hospitalini nikidhani mtoto analia, kumbe alikuwa amelala kwa sababu yako." Angalia kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo inamhusu yeye: alichokiona, alichoamua, moyo alio nao. Wengi tukishukuru hujieleza wenyewe tu, jinsi tulivyohangaika na jinsi tulivyopata nafuu, na mfadhili anabaki pembeni ya hadithi yake mwenyewe. Mwaka 2016 Sara Algoe na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wapenzi wanaoshukuriana, wakaonyesha kwamba shukrani inayomsifu mtendaji ndiyo iliyomgusa mpokeaji, kuliko ile inayoeleza faida aliyoipata msemaji.

Kuhusu kuchelewa, omba radhi kwa sentensi moja kisha uendelee. Nasisitiza sentensi moja, kwa sababu nawajua watu wa aina yako, wenye dhamiri nzuri, ambao huanza kujilaumu na kulia hadi mwenye kushukuriwa analazimika kuwabembeleza, na hapo anakuwa amekufanyia wema wa pili wakati hata wa kwanza hujaushukuru.

Huenda unaogopa pia kwamba utaonekana kituko ukiibua jambo la miezi minne iliyopita. Hofu hiyo imepimwa. Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walieleza majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani na kukisia wapokeaji wangejisikiaje, kisha wapokeaji wenyewe wakaulizwa. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko ilivyokuwa kweli, na hawakutarajia kwamba wangefurahi kiasi kile. Walihangaika na ufasaha wa maneno, wakati wapokeaji waliangalia zaidi upendo uliokuwa ndani yake. Basi ukigugumia, gugumia. Ila usimtumie ujumbe wa simu hali anakaa mlango wa pili, na usimtangaze mbele ya majirani kabla hujamwona faraghani, maana wapo watu wema ambao sifa za hadharani huwatesa.

Akikujibu tena "Si kitu," usimbishie, lakini pia usikubali mazungumzo yaishie hapo. Neno hilo ni adabu yake, analitumia kukupunguzia mzigo. Mwambie tu, "Kwangu kilikuwa kikubwa, nami nilitaka ulisikie hilo kutoka kinywani mwangu," kisha mgeuzie mazungumzo kwenye hali yake na habari zake.

Zawadi inafaa, ila isiende siku ile ile, isije ikameza maneno. Ngoja kidogo, umwangalie kama alivyomwangalia mwanao, utaona anachokihitaji au kinachomfurahisha. Kiwe kidogo kiasi kwamba hatajiona analazimika kurudisha. Watoto nao waende wakamshukuru kwa maneno yao wenyewe bila kukaririshwa. Na siku atakapoumwa au kukwama, uwe wa kwanza kubisha hodi bila kungoja kuitwa.

Limebaki la mume wako, na hapa nasema kwa heshima lakini bila kuzunguka. Watoto wale ni wake pia, na yeye ndiye aliyekuwa mbali zaidi kuliko wote usiku ule. Kwa barua yako, asante anayosema inatosha ni yako; yake bado haijatolewa. Msomee maneno haya kama unaona vyema. Anapaswa kwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akamwambie mama yule kwamba anajua ni nani aliyesimama mahali pake.

Lakini wewe usimngoje. Nenda wiki hii, jioni ambayo unajua yule mama hana wageni. Mume wako atakwenda kwa wakati wake.