Mita yako inaongea na nani? Majibu kwa wasomaji wa Kusini

Wiki iliyopita niliandika kwamba gridi janja ni nyaya zilezile za umeme zilizopewa macho, masikio na mdomo: vipimo kwenye laini, mawasiliano ya kubeba taarifa, na kompyuta za kuzisoma. Maswali yakamiminika. Nimechagua haya.

Shikamoo. Nauza samaki Feri, Mtwara. Umeme unakatika, kabla sijamaliza kusonya umerudi, mara unakatika tena. Kuna mtu anatuchezea? (Mama Samaki)

Marahaba. Hakuna aliyegusa swichi. Kwenye laini kubwa hufungwa kifaa kinachoitwa rikloza. Kuti la mnazi likiangukia nyaya, rikloza inakata, inasubiri sekunde chache, kisha inajaribu kurudisha. Kuti likishadondoka, umeme unakaa. Likiwa bado linaning'inia, inakata tena, na ikijaribu mara tatu au nne bila mafanikio inajifunga mpaka fundi aje. Hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za kupita tu, kwa hiyo usumbufu huo mdogo unakuokoa na giza la usiku mzima. Huku pwani kuna pia chumvi ya bahari inayoganda kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika nyaya na kuzuia umeme usivuje. Unyevu wa alfajiri ukiilowesha, umeme unapata njia ya kutorokea.

Rikloza ya kizamani hufanya yote hayo kimya. Ukiifungia laini ya simu au redio, inapeleka taarifa chumba cha udhibiti: nimekata saa fulani, fazi fulani, mkondo ulikuwa ampea kadhaa. Kwa hizo ampea mhandisi anaweza kukadiria hitilafu iko umbali gani, na mafundi wa dharura hawaanzi kumulika nguzo moja moja kwa tochi kutoka mjini hadi Nanyamba.

Kuhusu friza, nunua friji gadi. Kompresa ikilazimishwa kuwaka kabla gesi yake haijatulia inaweza kuungua, na kifaa hicho huisubirisha dakika kadhaa.

Gesi inatoka kwetu Msimbati. Hiyo gridi janja itatuondolea kukatika kwa umeme, au ni maneno mapya kwa mambo ya zamani? (Mwalimu, Masasi)

Mwalimu, swali lako lina mwiba, na sitalikwepa. Gridi janja haizalishi hata wati moja.

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zimeishi na mfumo wao wenyewe, nje ya gridi ya Taifa, ukilishwa na mashine za gesi ya Mnazi Bay, hiyohiyo ya Msimbati. Wakati huohuo, tangu 2015, bomba kubwa linapeleka gesi inayosafishwa Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam. Naelewa kwa nini wazee wetu wakiona taa inazima hukohuko gesi inakotoka wanacheka kwa uchungu. Lakini tatizo la mfumo mdogo liko zaidi kwenye hesabu kuliko kwenye gesi.

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama korosho. Unaozalishwa na unaotumika lazima vilingane kila sekunde, na kipimo cha ulinganifu huo ni hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Chukua mfumo wa mashine saba zilizo sawa, zote zikibeba mzigo wake wote. Moja ikizima, sehemu moja ya saba ya nguvu imepotea kwa kufumba na kufumbua. Zilizobaki zinalemewa, hezi zinashuka, na vifaa vya ulinzi vinatupa nje laini nzima nzima ili mfumo wote usianguke. Kwenye gridi kubwa, ambayo sasa ina Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, mashine moja ya ukubwa huo ikizima wengine wanaibeba na wewe hata hujui.

TEHAMA inasaidia pale pa kuchagua nani atupwe nje. Leo laini ikikatwa, wodi ya wazazi na baa iliyo jirani vinazima pamoja. Ukiwa na vipimo na swichi zinazotii amri kutoka mbali, unaweza kuzima kwanza vinavyovumilia. Ghala la baridi la samaki lililogandishwa vizuri linakaa nusu saa bila neno, hita ya maji ya hotelini pia. Wodi inabaki na taa. Vilevile unajua mapema kwamba msimu wa korosho umeanza na viwanda vya kubangua vinawasha mashine asubuhi saa ngapi, ukajipanga.

Lakini mashine zisipotosha, kompyuta itakusaidia kugawa upungufu kwa akili tu. Anayekuambia zaidi ya hapo ana kitu anauza.

Mei 2024 intaneti ilipolala karibu nchi nzima, mita yangu ya LUKU, hii ya kulipia umeme kabla, ilikubali tokeni kama kawaida. Inapata mtandao wapi? (Kijana wa Kilwa Masoko)

Haipati popote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, nyaya zinazotuletea intaneti, ilikatika, na kununua vitu mtandaoni kukawa taabu. Mita ya LUKU ya kawaida haikuhusika, maana haijaunganishwa na chochote zaidi ya waya wa umeme. Zile tarakimu 20 ni barua iliyofungwa kwa siri: ndani yake kuna kiasi cha yuniti na muda ilipotolewa, na ufunguo wa kuifungua ni wa mita yako peke yake. Tokeni ya jirani haiingii kwako, na iliyotumika mita inaikumbuka na kuikataa.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa lile zoezi la 2024 la kuingiza tokeni tatu. Muda huo ulihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, kwenye nafasi inayobeba dakika 16,777,216 tu. Nafasi ingejaa 24 Novemba 2024, duniani kote, si hapa tu. Tokeni mbili za kwanza zilibadilisha ufunguo, ya tatu ndiyo iliyokuwa na umeme wako. Mpaka leo kuna wanaoamini waliibiwa.

Nimenunua umeme, yuniti zimepungua kuliko mwezi uliopita. Mita imeharibika? (Nachingwea)

Angalia kwanza risiti. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na ununuzi unaobeba makato hayo huleta yuniti chache. Mita haina kosa.

Mimi ni fundi wa majumbani, Liwale. Simu inashika ukipanda mwembe. Mita janja itawasiliana vipi? (Fundi)

Njia ziko tatu, fundi mwenzangu. Mita inaweza kuwa na laini yake ya simu, na hapo mwembe wako ni tatizo. Inaweza kutumia redio, mita hadi mita, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto. Au inapitisha ujumbe ndani ya waya uleule wa umeme hadi kwenye sanduku moja karibu na transfoma. Njia hizi mbili zinahitaji mtandao sehemu moja tu kijijini. Kwenye minara mikubwa mara nyingi waya wa juu kabisa, ule wa kukinga radi, una nyuzi za mkongo ndani yake.

Jambo ninalolipenda zaidi kwenye mita hizi: umeme ukikatika hazifi kimya. Zina akiba ndogo ya nguvu ya kutuma ujumbe mmoja wa kuaga. Zikiaga mita arobaini za transfoma moja, kila mtu anajua pa kwenda kabla hujapiga simu huduma kwa wateja na kusubiri.

Wezi wa mtandao wakiingia humo, si watatuzimia mji mzima? (Lindi mjini)

Wanaweza. Tarehe 23 Desemba 2015 huko Ukraine wafanyakazi waliona kishale cha kompyuta kinatembea chenyewe kikifungua swichi moja baada ya nyingine, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda kwenye vituo vya kupozea umeme na kufunga swichi kwa mkono.