Tovuti Imegoma? Anzia Hapa Kabla Hujampigia Fundi

Wateja wangu wengi hapa Arusha ni watu waliojiajiri: waongoza watalii, wapiga picha za harusi, mama mwenye vyumba vya wageni kule Njiro. Tovuti ikigoma, neno la kwanza kwenye simu ni "nimehakiwa". Mara nyingi hakuna aliyekuhaki. Domeni, yaani anwani ya tovuti unayoilipia kila mwaka, imeisha muda wake.

Kwanza zima Wi-Fi, ufungue tovuti kwa bando la simu. Ikifunguka, shida ni mtandao wako. Isipofunguka, ingia kwenye akaunti uliponunulia domeni, utazame tarehe. Hapo ndipo wengi hugundua kuwa akaunti ina jina na imeli ya kijana aliyewatengenezea, naye siku hizi hapokei simu. Domeni ya .com ikishafutwa, huwa na siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kuikomboa, ila kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Dai iandikwe kwa jina lako sasa, wakati bado mnaelewana.

Brauza ikisema tovuti si salama, mara nyingi cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano kati ya mgeni na tovuti, kimeisha. Vya bure vya shirika la Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90 na hutakiwa kujihuisha vyenyewe. Visipojihuisha, fungua "SSL/TLS Status" kwenye cPanel (ukurasa wa kusimamia seva inayohifadhi tovuti yako), bonyeza "Run AutoSSL", kanywe chai.

Inayoniuma zaidi ni fomu ya mawasiliano, kwa sababu haipigi kelele. Mtalii anajaza tarehe za kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, anabonyeza kutuma, anaambiwa asante, na ujumbe hauonekani. Msimu umechanganya, wewe unasema biashara mwaka huu mbaya! Kuna mwongozaji mmoja wa Sakina tulifungua spamu yake pamoja, tukakuta familia nzima iliyokuwa imeomba bei; walishapanda na kampuni nyingine na kurudi kwao.

Kwa kawaida WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi, hutuma ujumbe wa fomu kupitia seva bila kuthibitisha mtumaji ni nani, na tangu Februari 2024 Gmail imekaza: domeni inayotuma lazima iwe na SPF au DKIM, rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Weka programu-jalizi (nyongeza ya WordPress) ya SMTP, inayotuma barua kupitia akaunti halisi ya imeli, uijaze imeli ya domeni yako na neno lake la siri. Kisha fungua "Email Deliverability" kwenye cPanel; ikionyesha rekodi inayokosekana, bonyeza "Repair". Halafu angalia mipangilio ya fomu: mtumaji awe imeli yako, ya mteja ikae kwenye "Reply-To", yaani anwani ya kujibu. Mafundi wengi huweka ya mteja kama mtumaji, na Gmail huona kama mtu anajifanya mwingine. Ukimaliza, jaza fomu mwenyewe uone kama inafika, na urudie mara kwa mara.

Kitufe cha WhatsApp kisichofungua kitu mara nyingi kina sifuri ya ziada. Kwenye kiungo cha wa.me, 0754 inakuwa 255754, bila alama ya kujumlisha.

Tovuti nzito? Mara nyingi ni picha za simu zilizopandishwa zikiwa na MB nne au tano kila moja. Tovuti ya Squoosh huzipunguza bure ndani ya brauza. Upana wa pikseli 1600 unatosha hata kwa twiga.

Na ukurasa ukiwa mweupe baada ya kusasisha kitu, ingia "File Manager" ya cPanel, folda ya wp-content, ubadilishe jina la folda ya plugins. Ukiweza kuingia WordPress, fungua ukurasa wa programu-jalizi ili zote zizimwe, rudisha jina la folda, uziwashe moja moja mpaka umpate mkorofi.