Maswali yenu: ndoa, Mungu na wanawake wa riwaya za Marekani za karne ya 19

Tangu niwaambie kwamba nasoma riwaya za Marekani za miaka ya 1870 mpaka 1899, zile za uhalisia, yaani za kueleza maisha ya watu wa kawaida kama yalivyo bila kuyapaka rangi, maswali yamekuwa mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechukua saba, mengine nimeyafupisha, naomba wenyewe wasikasirike.

Dada habari. Mbona hizi riwaya ni ndoa ndoa tu? Hawakuwa na mambo mengine ya kuandika?

Walikuwa nayo, viwanda, siasa, pesa, vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha 1865. Ila kwa mwanamke wa wakati ule ndoa ndo ilikuwa kazi yake, nyumba yake na benki yake. Sheria waliyorithi toka Uingereza ilikuwa mwanamke akishaolewa anamezwa ndani ya mumewe, mali yake, mshahara wake, hata kwenda mahakamani kudai haki, vyote vinapitia kwa mume. Jimbo la Mississippi walianza kulegeza 1839 (na huko mali iliyokuwa inaongelewa zaidi ilikuwa ni watumwa, hilo nitalirudia chini), New York wakaruhusu 1848 mke amiliki mali yake, lakini mshahara wa jasho lake mwenyewe ikabidi asubiri mpaka 1860. Kwahiyo nani anamuoa nani halikuwa swali la mapenzi peke yake. Riwaya nyingi za kabla ya hapo zinaishia harusini, watu wanacheka, kitabu kinafungwa. Hawa wa uhalisia, na kiongozi wao William Dean Howells aliyekuwa mhariri wa jarida la Atlantic Monthly toka 1871 mpaka 1881, walitaka kujua wageni wakishaondoka nyumba ile inakuwaje.

Nimemaliza The Portrait of a Lady na nimekasirika sana. Kwanini Isabel anarudi kwa yule mwanaume? Pesa anazo, kwao anaweza kurudi, kuna mtu anampenda. KWANINI?

Pole, na mimi nilikasirika hivyohivyo mara ya kwanza. Kwa ambao hawajasoma: Henry James aliitoa 1881, Isabel Archer ni binti wa Kimarekani anayekwenda Ulaya, anamkataa lodi wa Kiingereza, anamkataa tajiri wa viwanda wa Boston, kisha anarithishwa pauni 70,000 ili awe huru kabisa, na kwa uhuru huohuo anamchagua Gilbert Osmond, mtu asiye na kazi wala huruma, anayemuweka ndani ya nyumba Roma kama anavyoweka vile vitu vyake vya thamani kwenye kabati. Mwisho binamu yake Ralph anakufa Uingereza, Osmond anamkataza kwenda, yeye anaenda, anamzika, halafu anarudi Roma.

Ninachotaka uangalie ni jinsi Osmond anavyomkataza. Huyu sio mcha Mungu, ila siku ile anaongea kama kasisi, anasema lazima tukubali matokeo ya matendo yetu, na kwamba anachokithamini kuliko vyote maishani ni heshima ya jambo. Isabel anajua kabisa kwamba mtu huyu ni mbaya, usiku mzima ameshakaa mbele ya moto akalitambua hilo, lakini maneno yale yanamshika kwasababu yeye mwenyewe anayaamini. Alisema ndio mbele za watu, kwa hiari yake, hakulazimishwa na baba wala mjomba, na kuikimbia ndoa anaona ni kusema kwamba uhuru wake wote ulikuwa mchezo wa mtoto. Halafu kuna Pansy, binti wa Osmond, aliyelelewa na masista na babake amemrudisha tena hukohuko utawani ili anyooke. Isabel alimuahidi atarudi.

Mimi nadhani anarudi kwa ajili ya ahadi zote mbili na ile ya Pansy ndo inayopumua. James hakutuambia atakaa au atakuja kumtoa yule mtoto waondoke, amefunga mlango sisi tukiwa nje. Hasira yako ni halali ndugu yangu, usiilazimishe iishe.

Je, talaka ilikuwepo kwenye riwaya hizi? Au ilikuwa mwiko?

Ilikuwa karibu na mwiko, ndo maana ile ya Howells, A Modern Instance ya 1882, iliwashtua wengi. Howells aliitazama tamthilia ya zamani ya Kigiriki ya Medea, mke aliyetupwa, akajisemea hii mbona ni kesi ya talaka ya Indiana! Maana Indiana ilikuwa na sifa hiyo, kwa miaka mingi sheria zake zilikuwa laini, mtu anatoka jimbo lingine anakwenda kule, anadai yeye ni mkazi, anampa mwenzake talaka bila mwenzake kujua lolote.

Ndicho anachofanya Bartley Hubbard, mwandishi wa habari, mchangamfu, mvivu wa dhamiri. Anamuoa Marcia Gaylord wa kijijini, jimbo la Maine, wanahamia Boston, wanagombana kwa wivu na pesa, usiku mmoja anaondoka. Miaka inapita. Siku moja linafika gazeti toka Indiana lenye tangazo la kesi: Bartley anadai talaka kwasababu eti MARCIA ndo amemkimbia. Babake Marcia, mwanasheria mzee asiyeamini dini yoyote, anasafiri na bintiye mpaka kule, anasimama mahakamani kumtetea mwanawe, na katikati ya kumshambulia Bartley kwa maneno anaanguka, kiharusi.

Sasa upande wa imani. Marcia amelelewa bila kanisa, babake hakulitaka na mamake akaliacha kwa ajili ya mume. Akishakuwa mama anatamani mtoto wake awe na kanisa, lolote lile, kwasababu anahisi yeye alikuzwa bila kitu cha kushika mkononi. Na Ben Halleck, mtu wa dini anayempenda Marcia kimyakimya, hata Bartley alipokwishakufa bado anajitesa: nilimtamani akiwa mke wa mtu, je nina haki ya kumuoa? Anamuuliza rafiki yake mwanasheria, na kitabu kinaisha huyo rafiki akisema hajui. Wanaume wawili wanajadili kwa barua nini kifanyike na maisha ya Marcia, Marcia mwenyewe haulizwi. Nimesoma wataalamu wakibishana sana kuhusu maadili ya Halleck, mimi kinachoniuma ni hicho, kwamba hakuna aliyefunga safari akamuuliza.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa kanisa, na binti yangu anasoma fasihi chuoni. Ananiambia vitabu hivi vinaonyesha dini ndo iliwafunga wanawake. Ni kweli?

Marahaba mama, na asante kwa swali hili kuliko yote. Nusu kweli. Mwambie binti yako asome Mary E. Wilkins Freeman, mwanamke wa Massachusetts aliyeandika hadithi fupi kuhusu vijiji maskini vya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, kisha mzungumze tena.

Kuna hadithi yake ya 1890, The Revolt of "Mother". Sarah Penn ameolewa miaka 40, na miaka 40 hiyo mumewe Adoniram alimuahidi nyumba mpya, ameonyeshwa mpaka pale itakaposimama. Siku moja anaona mafundi wanachimba msingi palepale, kumbe banda lingine la ng'ombe! Anaongea na mumewe kwa adabu na kwa hoja, hajibiwi kitu, mzee anasema tu hana la kusema. Banda linakwisha. Adoniram anasafiri kwenda Vermont kununua farasi. Sarah anafunga vyombo, jiko, vitanda, watoto wanabeba, jioni familia nzima inaishi kwenye banda jipya na ng'ombe wapya wanapelekwa kule kibanda cha zamani.

Kijiji kinachemka. Mchungaji anakuja kumuonya. Na Sarah, huku anamenya njegere, anamwambia (natafsiri kwa mkono wangu) nimeliwaza tena na tena, nimeliombea, hili ni kati yangu na Bwana na Adoniram, wengine lisiwasumbue. Tena anaongeza kwamba anaona ana haki kama waliyokuwa nayo wale wazee wetu walipovuka bahari kuja Marekani kwasababu walinyimwa kilichokuwa chao. Mchungaji anaondoka hana neno! Yaani mama huyu hakuikataa dini hata chembe, amekataa tu kwamba maombi yake lazima yapitie mikononi mwa mume na mchungaji kabla hayajafika.

Nyingine ni A Church Mouse. Hetty Fifield, bibi maskini hana pa kulala, anaomba kazi ya kufagia kanisa na kupiga kengele. Shemasi anamwambia hajawahi kusikia mwanamke akifanya kazi hiyo. Bibi anaipata kwa kung'ang'ania, halafu anahamishia kitanda na jiko lake ndani ya kanisa, ghorofani, anajipikia kabichi na Jumapili harufu inawafikia waumini kwenye sala. Wakubwa wanakuja kumtoa, anakomea mlango. Wanaomuokoa ni wanawake wa kijiji wakiongozwa na mke wa shemasi mwenyewe, na hadithi inaishia asubuhi ya Krismasi, Hetty anapiga kengele kwa nguvu zake zote. Mimi nikifika hapo machozi yananitoka kila mara, sioni aibu kusema.

Nusu nyingine ambayo binti yako yuko sahihi: Rose Terry Cooke aliandika 1880 Mrs. Flint's Married Experience, mjane anaolewa na shemasi bahili anayemnyima hata chakula cha kutosha, anapomkimbia, kanisa linamuadhibu YEYE. Mashemasi wanamlinda shemasi mwenzao. Msome wote wawili pamoja, wewe na binti.

Ni kweli walikuwa na riwaya za madaktari wanawake? Nasomea udaktari, nimeuliza tu.

Ndio, na tatu zilitoka karibu kwa mkupuo. Elizabeth Blackwell alikuwa ameshapata digrii ya udaktari 1849, wa kwanza kati ya wanawake Marekani, kwahiyo jambo lenyewe lilikuwepo mitaani. Howells, Dr. Breen's Practice, 1881: Grace anaacha udaktari anaolewa. Elizabeth Stuart Phelps, binti wa profesa wa teolojia, akatoa Doctor Zay 1882: hapa mgonjwa ni mwanaume, anampenda daktari wake, na anakubaliwa tu kwa sharti kwamba daktari ataendelea na kazi. Kisha Sarah Orne Jewett, babake alikuwa daktari wa vijijini Maine, akatoa A Country Doctor 1884: Nan Prince anampenda kweli kijana aliyemposa na bado anasema hapana, kwasababu anaamini kipaji kile amepewa na Mungu na akikizika atakuja kuulizwa. Mwisho amesimama peke yake kando ya mto akimshukuru Mungu kwa maisha yaliyo mbele yake. Anza na hiyo dokta.

Hawa wote ni wazungu. Wanawake weusi wako wapi?

Nilisema nitalirudia. Mtumwa hakuwa na ndoa mbele ya sheria, mume anauzwa huku mke anauzwa kule na hakuna wa kulalamikiwa. Baada ya vita, utumwa ulipokwisha, watu waliokuwa wameishi pamoja miaka 20 walikwenda kuandikisha ndoa zao kwa furaha, na magazetini kukajaa matangazo ya watu wanawatafuta wake, waume, mama zao. Kwahiyo wakati Isabel anaona ndoa ni gereza, mwingine alikuwa anaililia kama haki.

Soma Iola Leroy ya 1892, ya Frances Harper, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Baltimore na kutoa kitabu hiki akiwa na zaidi ya miaka 60. Baba wa Iola, mzungu mwenye shamba, alimpa uhuru mamake akamuoa. Baba anapokufa, binamu yake anazitafutia kasoro zile karatasi za uhuru, ndoa inahesabiwa si kitu, mke na watoto wanarudishwa utumwani. Wakati wa vita Iola anakuwa nesi, daktari mzungu anamposa, anamkataa, anakwenda kumtafuta mamake. Anafanya kazi, anasema kila mwanamke ajue kujitafutia riziki, na mwisho anaolewa na daktari mweusi wakahudumie watu wao. Wengine wanasema kitabu kina hotuba nyingi. Zipo. Mtu aliyetumia maisha yake majukwaani akipinga utumwa ana haki ya kuhutubia.

Nianzie wapi? Wenzangu wameniambia The Awakening ya Kate Chopin.

Ni kitabu kizuri sana, 1899, ila kina uzito, mwisho mhusika mkuu, Edna, anajiua baharini, kama unapitia kipindi kigumu kiache kwanza. Edna ni Mpresbiteri wa Kentucky aliyeolewa na Mkatoliki wa Louisiana, na moja ya sababu ni kwamba babake na dadake walipinga vikali mume Mkatoliki. Utotoni aliwahi kukimbia sala za babake zilizokuwa zimejaa huzuni akapotelea kwenye majani marefu, na ukubwani anatoka kanisani katikati ya ibada kichwa kinamuuma, anakosa hewa. Sarah Penn alikuwa na mahali pa kupeleka shauri lake, Edna hana, amebaki na bahari. Wahakiki wakamshambulia Chopin, akafariki 1904, na kitabu kikakaa gizani mpaka miaka ya 1960 mwishoni.

Kwahiyo anza na Sarah Penn, ni nusu saa tu, na hivi vyote havina tena hakimiliki, vipo bure mtandaoni. Ujue pia kwamba 1917 Freeman aliikana hadithi yake mwenyewe, akasema hakuna mwanamke wa New England angethubutu hivyo, na mimi simkubalii hata kidogo. Mwishoni Adoniram anarudi, anakaa mlangoni mwa banda, analia, anasema hakujua kama mkewe analitaka kiasi kile. Miaka 40! Ukimaliza niandikie uniambie yale ni machozi ya nini, mimi mpaka leo sijaamua.