Kwa nini Rolls-Royce ilikwama Katschberg mwaka 1912?

Swali: Nimesoma kwamba mwaka 1912 gari la Rolls-Royce, lenye injini ya zaidi ya lita 7, lilikwama kwenye njia ya mlimani ya Katschberg nchini Austria katika mashindano ya kupima uimara wa magari kwenye milima ya Alps. Injini kubwa kiasi hicho ilikosaje nguvu? Na mlima unapima nini ambacho barabara ya tambarare haikionyeshi?

Jibu: Injini haikukosa nguvu. Kilichokosekana ni gia ya kuifikisha nguvu hiyo kwenye magurudumu kwa namna iliyohitajika mahali pale.

Gari hilo aina ya Silver Ghost, lililoendeshwa na James Radley, lilikuwa na gia tatu tu za kwenda mbele. Wateja wa wakati huo walitaka gari lenye ukimya na lisilomsumbua dereva kubadili gia, na mwaka 1911 kampuni ilikuwa imekwisha kuwaonyesha kwamba hilo linawezekana, kwa kuliendesha gari la aina hiyohiyo kutoka London hadi Edinburgh na kurudi likiwa katika gia ya juu pekee. Lilikuwa jaribio la kweli na gumu, lakini kwa maoni yangu lilificha udhaifu, kwa kuwa gari lisiloshushwa gia safari nzima haliwezi kukuambia lolote kuhusu gia yake ya kwanza.

Katschberg ilisema. Chukua gari la tani 2, pamoja na abiria, katika mpando unaoinuka mita 1 kwa kila mita 4 za usawa: uzito unaolivuta kurudi nyuma ni kama kilo 485, hata kabla hujahesabu msuguano wa barabara ya changarawe. Likiwa linakwenda, kasi yake hulisaidia. Likisimama, injini lazima ianze upya kutoka sifuri, na injini ya petroli hutoa nguvu kidogo sana inapozunguka polepole. Gia ya kwanza isipopunguza mzunguko vya kutosha, dereva huachia klachi na injini huzima, au huiburuza klachi mpaka ikaungua. Ndiyo maana gari la Radley halikuweza kuondoka hadi mzigo wa abiria ulipopunguzwa. Kwa magari ya mwaka 1913 kampuni ilirudi na gia nne, ikiongeza gia ya chini ya kupandia, pamoja na kuimarisha upoozaji wa injini, na magari hayo yakafanya vizuri sana katika milima ileile.

Suala la upoozaji linastahili maelezo. Mlimani injini hufanya kazi ngumu huku gari likienda polepole, hivyo hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo wakati joto ni kubwa. Katika kimo cha Katschberg, mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hewa nyepesi huipunguzia injini karibu asilimia 15 ya nguvu.

Hitilafu nyingine hutokana na mlalo wenyewe wa gari. Katika Ford Model T tangi la petroli liliwekwa chini ya kiti, na petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta, sehemu inayoichanganya na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Mafuta yakiwa kidogo na mpando ukiwa mkali, kabureta hubaki juu kuliko tangi, injini ikazima. Madereva walipanda milima kinyumenyume, ambako pia gia ya nyuma ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuvuta.

Mimi huhofia zaidi mteremko. Magari mengi ya miaka hiyo yalikuwa na breki za magurudumu ya nyuma tu, na gari linaposhuka uzito huhamia mbele, kwa hiyo matairi yanayofungwa breki ndiyo yanayokandamizwa kidogo barabarani na huteleza upesi. Dereva aliteremka katika gia ya chini ili injini ilishikilie gari, na hapo tena, gari lenye gia ya kwanza isiyotosha kupandia halikuwa na ya kutosha kushukia.