Kwa mama wa Kasarani ambaye mwanawe analia akiona vitabu

Dada yangu, umeuliza ufanyeje mwanao wa miaka 9 apende kusoma, maana tangu umtoe shuleni analia kila ukifungua kitabu, na umemwekea ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Huyo mtoto namjua, nilikuwa naye hapa kwangu Umoja miaka minne iliyopita.

Nilipoanza kumfundisha binti yangu nyumbani nilinunua ubao, nikapanga vipindi vya dakika 35, nikagonga hata kengele. Kutwa nzima swali lake lilikuwa moja: "Mama, tumemaliza?"

Kilichotuokoa ni stima. Siku hiyo nilinunua tokeni za shilingi 500, naye akawa ndiye wa kubonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita. Akaniuliza mbona tumepata yuniti chache kuliko mwezi uliopita na pesa ni zile zile. Nilitaka kumwambia ndivyo ilivyo, arudi kwenye hesabu zake. Sijui nini kilinizuia. Nikasema, "Sijui. Tutajuaje?" Akachukua simu, akafukua ujumbe wa tokeni wa mwezi ule na wa mwezi huu. Tukaona pesa ya stima yenyewe imeandikwa kando, na makato mengine kando. Asilimia, mada iliyokuwa imemliza wiki mbili, aliimaliza alasiri moja, kwa sababu alitaka kujua pesa zetu zimeenda wapi.

Kesho yake akauliza stima hutoka wapi. Hapo tukafika Olkaria, kule Naivasha, ambako mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Tukainjika sufuria ya maji, tukatazama kifuniko kikirushwarushwa. Halafu akafungua kamusi, akakuta stima ni meli iendayo kwa mvuke, neno lililotoka kwenye "steam", Kiingereza cha mvuke huo huo. Alikuja jikoni mbio: "Mama! Kumbe tukisema stima imepotea, tunasema mvuke umepotea!" Dada, mimi nimelitumia neno hilo maisha yangu yote na sikuwahi kuliuliza.

Kwa hivyo ninachokuomba ni kimoja: usimjibu haraka. Na ukiwa hujui, sema hujui mbele yake, kisha mtafute pamoja hadi mwisho, hata kama somo la siku hiyo litaachwa. Mtoto anayemwona mama yake akitafuta jibu kwa hamu huona kusoma si adhabu ya watoto.

Ila sikubaliani na wanaosema umwache afanye apendalo tu. Jedwali la kuzidisha hukaririwa, na kuandika kunataka mazoezi. Sisi husoma kwa dakika tisini asubuhi, kila siku, bila mjadala. Lakini wako usimwanzishe hivyo sasa. Mpe wiki kadhaa bila kitabu cha mazoezi, umsomee hadithi jioni akiwa amelala begani mwako, usimuulize maswali baadaye.

Wakwe watasema. Mama mkwe wangu aliuliza kila Jumapili kama mtoto anasoma au anacheza. Sikubishana naye. Nilimwacha mjukuu wake amweleze makato ya tokeni.

Na usitarajie kilichomwasha mmoja kimwashe mwingine. Kaka yake hana habari na stima, yeye ni mifupa, alianza na ya supu. Nilimpeleka Makumbusho ya Taifa kumwona Mvulana wa Turkana. Kwamba ni mifupa ya mtoto wa kale, ya miaka milioni moja na nusu, halikumshtua sana. Kilichomshika ni kwamba mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa hodari wa kutafuta mabaki ya kale, aliona kipande kidogo tu cha fuvu katikati ya changarawe, akakitambua. Tangu hapo kijana hutembea akitazama chini.

Mnunulie mwanao daftari la maswali, yake na yako. Letu limefika la tatu. Swali la wiki hii ni la huyo wa mifupa: kwa nini wale korongo wakubwa wenye upara wamechagua miti ya pale karibu na uwanja wa Nyayo, kwenye kelele za magari, na msitu wa Karura upo? Sijui. Jumamosi tunaenda kuwahesabu.