Diski ya kiuno na upasuaji wa kamera

Ndugu yangu wa Newala, umeuliza kama mdogo wako, mpakiaji wa magunia ya korosho ambaye diski ya kiuno (kitakia laini kati ya pingili za uti wa mgongo) imechomoza na maumivu yanamshukia mguu wa kushoto kwa wiki ya tatu sasa, apelekwe moja kwa moja kwenye upasuaji wa kamera.

Kwa wiki tatu, mimi ningesubiri. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi ya tiba na kuacha mizigo, kwa kuwa mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya taratibu kile kipande kilichochomoza. Kulala kutwa hakumsaidii, atembee.

Upasuaji huo hupitia tundu la takribani sentimita 1: daktari huingiza bomba jembamba lenye kamera, maji yakitiririka ndani ili aone vizuri, kisha hukinyofoa kipande kinachobana neva na kuiacha diski iliyobaki. Misuli haijeruhiwi sana, hivyo wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Hata hivyo, hutuliza maumivu ya mguu kuliko ya kiuno, na diski inaweza kuchomoza tena, hasa akiyarudia magunia mapema (na msimu wa korosho, tunaujua, haumsubiri mtu).

Akifa ganzi sehemu za siri, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu ukilegea, msisubiri kukuche: mpelekeni hospitali ya rufaa Mtwara usiku huohuo.